Nusu ya Koili

Mimi ni fundi, na nilikuwa na maringo. Nianze na hilo kabisa, maana mengine yote yalitoka humo.

Meza yangu iko Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, mbele ya duka la vitambaa. Huu ni mwaka wa ishirini na tisa. Maghorofa yameota kushoto na kulia, wenye maduka wamebadilika mara sita, mimi na meza yangu tupo palepale. Natengeneza pasi, feni, birika na blenda, lakini jina langu, Mbaruku, nililipatia kwenye majiko ya koili. Ni yale majiko madogo ya umeme yenye waya uliosokotwa kama springi na kulazwa kwenye vijifereji vya udongo. Koili ikikatika, mafundi wengine watakwambia ununue mpya. Mimi nilikuwa nakata kile kipande kilichoungua, nakitupia kwenye kopo la maziwa chini ya meza, navuta ncha mbili zilizobaki, nazinyonga pamoja kwa koleo, kisha nakukabidhi jiko lako kabla hujamaliza chai. Na jiko likitoka kwangu lilikuwa na moto mkali kuliko lilivyotoka dukani. Uliza mtaa mzima.

"Mpelekee Mbaruku," watu walikuwa wakiambizana. "Maharage yataiva hujamaliza kukatakata kitunguu."

Nilijua sababu yake? Sikujua. Nilidhani ni mkono wangu. Wapo watu wana mkono wa mimea, wapo wenye mkono wa mapishi, nikajiweka na mimi humo, mkono wa moto. Mtu akikusifu miaka ishirini na tisa, utamuuliza kwa nini?

Binti yangu Nasma ndiye aliyeuliza. Alisomea umeme chuo cha ufundi, sasa yuko na kampuni moja Posta, anapanda ghorofani na kofia ngumu kichwani. Idi ya mwaka juzi aliniletea mita, aina ile yenye mdomo kama koleo; unaubanisha kwenye waya inakusomea umeme unaopita, bila kukata chochote. Akakaa kwenye stuli ya wateja akanisomesha. "Baba, ni mambo mawili tu. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani, yaani ule waya unaukatalia umeme kiasi gani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Basi."

Wateja walikuwa wamesimama. Nikajitutumua. "Mwanangu," nikamwambia, "umeme wanauhesabu waoga. Baba yako anaushika."

Watu walicheka sana. Nasma naye alicheka, ila kicheko chake kilikwisha mapema. Mita nikaitia kwenye droo, juu yake nikaweka tepu na bisibisi, na humo ikakaa karibu miaka miwili.

Sasa Zamda. Huyu ni mpishi, mtu wa Lindi, mama wa makamo asiye na makelele. Anapikia makuli na wasichana wa madukani wali, maharage na mchicha, anawapelekea kwenye mahotipoti. Kwa miaka kumi na moja amepanga chumba Mtaa wa Sikukuu, kwa Bibi Sitara, katika mojawapo ya nyumba chache za zamani zilizobaki: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Chumba kile ndicho kazi yake. Wateja wake wote wako hatua mia mbili kutoka mlangoni. Ukimpeleka Mbagala au Chanika, chakula kitafika kimepoa na yeye hana kazi tena.

Jiko lake lilipita kwangu mara sita. Mara ya kwanza lilikaa mwaka mzima kabla ya kukatika tena. Ya pili likakaa miezi minane, ya tatu minne. Mwaka huu, ndani ya mwezi mmoja, alilileta mara mbili.

"Kaka, mbona siku hizi linakatika ovyo?" aliniuliza.

"Koili za kisasa hizi, dada. Mchina anatutania."

Akaniamini. Akaniachia chapati mbili kwenye karatasi, kama kawaida yake, akaenda zake na jiko kichwani. Nilizila nikiwa na furaha.

Jumatano moja, adhuhuri imeshaadhiniwa, simu ikalia. Alikuwa Bibi Sitara mwenyewe, sauti inatetemeka. Nyumba ilikuwa imeshika moto.

Nilikimbia. Nilipofika walikuwa wameshauzima kwa ndoo na mchanga, korido nzima imejaa maji meusi na harufu ya plastiki. Waya wa darini ndio ulioungua, ule unaotoka chumbani kwa Zamda na kupita juu ya chumba cha jirani yake, Mektilda, fundi cherehani. Silingibodi ilikuwa imeanguka kwenye meza yake ya kushonea na kuunguza sare za kwaya, nguo kumi na mbili zilizotakiwa kuchukuliwa Jumamosi. Hilo la nguo lingevumilika. Lakini kitandani, hatua mbili kutoka pale, alikuwa amelala mjukuu wake wa miezi saba. Mektilda alikuwa uani akimpakata, mtoto anakohoa.

Hakufa mtu. Nalirudia hilo kila siku.

Baada ya alasiri Bibi Sitara aliita kikao koridoni. Wapangaji wote wakasimama milangoni mwao, yeye kaketi kwenye kiti chake cha kamba. Kwenye kikao kama hiki lazima mtu mmoja aseme kosa ni la nani, na mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mbaruku," akasema Bibi, "wewe ndiye mwenye kuujua umeme. Tazama, utuambie. Utakalosema ndilo."

"Shikamoo, Bibi," nikasema, maana katika fujo zile hata salamu nilikuwa sijatoa. Nikapanda darini kwa ngazi, nikashuka, nikaingia chumbani kwa Zamda. Jiko lilikuwa sakafuni. Nikainama. Koili ilikuwa imevutwa mno, mizunguko imeachana kama meno ya mzee, na ndani yake ninahesabu vifundo vyangu mwenyewe: kimoja, viwili, vitatu, mpaka sita. Hapo nikalisukuma jiko kwa mguu chini ya kitanda, nikatoka.

Sikujua bado. Naapa sikuwa najua. Lakini mtu halifichi jambo chini ya kitanda bila sababu.

"Waya hizi ni za zamani," nikawaambia. "Zilitandikwa wakati watu wana taa na redio. Zinabeba jiko moja dogo, lakini mtu akizidisha, zinaungua. Dada Zamda, uliwasha nini?"

"Jiko, kaka. Na taa."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Pasi?"

Akafikiri. Ni mkweli, ndiyo shida yake. "Pasi nilipiga asubuhi. Lakini nilikuwa nimeshaizima."

"Mmeona," nikasema, nikawageukia watu. "Amezidisha mzigo."

Zamda hakubisha. Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari, akaitikia kwa kichwa. "Fundi akisema, basi," akasema. Bibi Sitara akavuta pumzi ndefu. Alimpenda Zamda, kila mtu alijua, lakini pale uani mtoto alikuwa bado anakohoa. Akasema Zamda ahame. Akampa mpaka Jumapili.

Nilinawishwa mikono, nikapewa chai. Nikainywa.

Kesho yake, Alhamisi, saa tano hivi asubuhi, Zamda akaja mezani kwangu na jiko lake limefungwa kwenye khanga kuukuu.

"Shikamoo, kaka. Bibi amesema jiko la umeme lisiingie tena mle ndani, na huko niendako sijui kama kuna umeme. Kaa nalo. Utapata hata vipuri."

"Marahaba," nikajibu, nikalipokea.

Akasimama kidogo. "Na wewe unisamehe," akasema. "Nimekuaibisha. Watu watadhani jiko ulilitengeneza vibaya, kumbe mimi ndiye niliyezidisha."

Akaondoka. Safari hiyo hakuacha chapati. Alikuwa hana jiko la kupikia.

Nikakaa na lile jiko mbele yangu. Nitasema ukweli kwa nini nilifungua droo. Haikuwa kwa ajili yake. Nilitaka kujisafisha. Nilitaka namba itokee kwenye kioo cha mita iniambie, Mbaruku, jiko ni zima, lala usingizi. Nikaligeuza. Chini kulikuwa na kibati chenye masizi. Nikakifuta kwa kidole gumba. Volti 220, wati 1100. Nikachukua penseli na kipande cha boksi. Kama volti mara ampea ni wati, basi wati gawanya kwa volti ni ampea. Elfu moja na mia moja kwa mia mbili na ishirini: tano. Jiko hili liliumbwa linywe ampea tano.

Nikalichomeka. Nikaibanisha mita kwenye waya mmoja, maana ukiipa waya zote mbili pamoja inakusomea sifuri, hilo Nasma alinifundisha na sijui kwa nini nililikumbuka. Koili ikawa nyekundu, kisha ya machungwa, ndani ya muda wa kupiga chafya. Mteja aliyekuwa akingoja pasi yake akasema, "Mzee, moto huo!" Kwa mazoea, nusura nitabasamu.

Mita ilisoma kumi.

Nikaigonga. Kumi. Nikapima volti kwenye soketi: mia mbili na ishirini, sawasawa. Nikabanisha waya wa pili. Kumi. Nikasema mita imekufa kwa kukaa kwenye droo. Nikampigia Nasma.

"Baba, volti ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Gawanya kwa kumi."

"Ishirini na mbili."

"Huo ndio ukinzani wa koili sasa hivi. Haya, tafuta wa kiwandani. Mia mbili na ishirini gawanya kwa tano."

Nikaandika kwenye boksi polepole, penseli inateleza kwenye jasho. "Arobaini na nne."

Nyuma yake nilisikia honi za Posta. "Baba," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza, "nusu ya koili iko wapi?"

Nikalitazama kopo la maziwa chini ya meza.

"Ukifupisha waya, umeme unapata njia nyepesi," akaendelea. "Unapita mwingi zaidi. Ndiyo maana unaona moto mkali. Zidisha sasa, mia mbili na ishirini mara kumi."

"Elfu mbili na mia mbili."

"Hayo ni majiko mawili ndani ya jiko moja. Na waya wa ukutani nao unabeba ampea hizo kumi, kama ni mwembamba na una viungo vya zamani unachemka. Hilo jiko la nani, baba?"

"La mteja tu," nikasema. "Kaliacha hapa."

Nikakata simu. Nikalichomoa jiko, nikalifunika na ile khanga. Miaka ishirini na tisa! Sifa zangu zote, mkono wa moto, kumbe nilikuwa nakata uhai wa majiko ya watu kipande kwa kipande, na kadiri nilivyokata ndivyo yalivyokatika upesi, na kadiri yalivyokatika ndivyo nilivyomlaumu Mchina. Nyani haoni kundule. Mimi hata nilipoonyeshwa nililifunika na khanga.

Sasa unadhani nilinyanyuka nikaenda Mtaa wa Sikukuu? Ni dakika nne kwa miguu. Sikwenda. Nilijiambia nitaenda jioni, watu wakiwa wametulia. Jioni nikajiambia kesho, Ijumaa, siku tukufu.

Ijumaa nilitoka msikitini nikaenda kweli. Nilifika mpaka barazani kwa Bibi Sitara. Mlango wa korido ulikuwa wazi. Ndani nikamwona Zamda amepiga magoti kwenye kizingiti cha Mektilda. Alikuwa akipita mlango kwa mlango kuomba radhi kabla ya kuhama, kama ilivyo desturi ya mtu mstaarabu aliyeishi na watu vizuri. Mektilda alikuwa amesimama, mtoto begani.

"Dada Mektilda," Zamda alikuwa akisema, "nusura nikuulie mjukuu. Sijalala tangu juzi. Nisamehe kwa ajili ya Mungu wako na wangu."

Mektilda akamhamishia mtoto bega la pili. "Nimekusamehe," akasema, "lakini sitaki nikuone karibu na mtoto huyu."

Zamda akainama zaidi, paji la uso likakaribia kugusa sakafu. Ile aibu aliyokuwa ameibeba ilikuwa yangu. Kila neno la radhi lililotoka kinywani mwake lilikuwa deni la kinywa changu, na mimi nimesimama nje nimevaa kanzu nyeupe na udi shingoni. Nilipaswa kuvuka kizingiti tu. Badala yake nikajipapasa mfukoni kama mtu aliyesahau funguo, nikageuka. Nilijifanyia mchezo ule peke yangu, maana hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Na Jumamosi nilifanya baya kuliko hilo. Mwanamke mmoja mgeni, ana mtoto mgongoni, aliniletea jiko. Koili imekatika. "Nimeambiwa ukilitengeneza wewe linachemsha upesi," akasema. Wateja wawili walikuwa wananitazama. Kukataa kulitaka maelezo, na maelezo yangefika Mtaa wa Sikukuu kabla ya magharibi. Nikachukua koleo. Nikakata, nikavuta, nikanyonga. Akashukuru, akaenda. Kile kipande kilipodondoka kwenye kopo kililia kidogo, nikafunga meza saa tisa mchana.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Usiku ule sikuhitaji mithali. Nilikuwa nayaona magoti ya Zamda kila nikifumba macho.

Jumapili asubuhi nikabeba jiko, mita na lile kopo. Nilikuta guta la kubebea mizigo limeegeshwa barazani, godoro la Zamda limeshapakiwa, masufuria yamefungwa kwa kamba, kabati la vyombo limelazwa. Wapangaji wamesimama kumuaga. Bibi Sitara alikuwa kwenye kiti chake, ushungi umemfunika nusu ya uso. Mektilda alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anajitayarisha kwenda kanisani.

"Bibi, shikamoo," nikasema. "Msimpakie. Kosa si lake."

"Nini?" akasema Bibi.

Nikalimimina kopo barazani. Vipande vya koili vikamwagika, vingi kuliko nilivyodhani, vyeusi, vimejikunja kama maranda ya mbao. Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikianza katikati, nikirudi nyuma, lakini nikaeleza. Kwamba waya wa koili una kazi ya kuukatalia umeme. Kwamba nilikuwa naukata. Kwamba jiko la ampea tano nililifanya la kumi bila kujua, na wati elfu moja mia moja zikawa elfu mbili mia mbili, na waya wa darini hauwezi. Kwamba angewasha jiko lile peke yake, bila pasi, bila taa, lingeunguza tu. Nikawaonyesha kibati na lile boksi nililoandikia.

"Hivi vyote ni vya jiko lake?" aliuliza Mektilda, akivitazama vile vipande.

"Ni vya majiko ya watu wengi. Siwezi kusema kipi ni cha nani. Vyote nimekata mimi."

Bibi Sitara aliufunua ushungi. "Mbaruku," akasema, "nilikuamini kuliko macho yangu." Laiti angenitukana.

Zamda alikuwa ameketi ukingoni mwa guta, juu ya godoro lake. Aliniuliza taratibu, kama anayeuliza bei. "Ulijua lini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya umeme tu.

"Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi nilipokuletea jiko?"

"Baada ya wewe kuondoka. Kabla ya adhuhuri."

"Leo Jumapili." Akaitazama mikono yake. "Ijumaa nilimpigia magoti dada Mektilda. Jana nimeingia kila chumba cha nyumba hii."

Ningeweza kunyamaza hapo. Ingetosha. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha. "Ijumaa nilikuona," nikasema. "Nilikuwa nimesimama hapa barazani. Nikageuka."

Mektilda akaweka mkono mdomoni. Zamda hakulia wala hakunifokea. Alinitazama tu, safari hii si kama mgonjwa na daktari, kisha akamgeukia kijana wa guta.

"Shusha," akamwambia. "Anza na masufuria."

Nilitaka kusaidia kubeba. Nikashika ncha ya godoro. Akaushika mkono wangu akautoa, bila nguvu, kama unavyoutoa mkono wa mtoto kwenye chungu cha moto.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mle ndani kila siku, mimi na Nasma. Nilimweleza yote, na jiko lilikuwa la nani. Alinisikiliza, kisha akaniambia nikashike ngazi. Tulitoa waya zote kuukuu, tukatandika nene, kila chumba na breka yake ya kukata umeme ukizidi. Yeye alipima, mimi nikachimba kuta. Zamda alipikia mkaa uani, macho yakimtoka machozi ya moshi, chakula kikachelewa, wateja wawili wakahamia kwa mpishi mwingine. Akipita koridoni alimsalimia Nasma, "Hujambo mwanangu?" Mimi alinizunguka kama ndoo iliyoachwa njiani.

Mchana nilitoka na mita kutafuta majiko yangu. Sikuwa na orodha, nani aliorodhesha? Nilipiga hodi Mchikichi, Mafia, Narung'ombe, nikawaambia watu jiko lako nililiharibu, niletee nilipime. Wapo walionicheka. Wapo waliokataa kabisa, wakasema hawataki koili mpya, la zamani lina moto mzuri. Yule mwanamke wa Jumamosi, mwenye mtoto mgongoni, sijampata mpaka leo. Simjui jina wala mtaa. Kila nikisikia gari la zimamoto likishuka Msimbazi nasimama.

Waya zilipokwisha nilinunua koili nzima, nikaitia kwenye jiko la Zamda, bila fundo hata moja. Nikaenda nalo jioni, jua bado lipo. Wapangaji walikuwa koridoni wanapepeta mchele na kuzungumza.

"Dada Zamda, hodi. Nimeleta jiko."

Akatoka. Hakunipa shikamoo. Akaliangalia jiko, akaligeuza, akakisoma kibati, kisha akaleta kigoda akakaa mbele yangu.

"Lipime," akasema. "Hapa."

Nikalichomeka, nikabanisha mita. Nikataka kumwonyesha kioo, lakini akatikisa kichwa.

"Soma kwa sauti. Mimi si fundi."

"Ampea tano," nikasema.

"Hesabu."

Watu wakaacha kupepeta. Mtu mzima, miaka hamsini na saba, mvi zimejaa, nilichuchumaa koridoni nikahesabu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Mia mbili na ishirini gawanya kwa tano, arobaini na nne. Mia mbili na ishirini mara tano, elfu moja na mia moja."

"Inalingana na kibati?"

"Inalingana."

Koili ilichukua muda wake kuwa nyekundu. Zamda aliingojea, mikono mapajani, mpaka ikakolea vizuri. Hapo akanyanyuka, akaweka sufuria ya maji, akafunika. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukusanya koleo zangu.

"Kaka Mbaruku," akasema, na neno kaka sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu Alhamisi aliyoniletea jiko. Moyo ukanipaa.

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa jirani, uliokuwa wazi nusu, mtoto akilialia ndani na Mektilda akimbembeleza.

"Siku ile barazani ulisema na Bibi. Ukasema na mimi. Na yule mwenye mtoto?" Akafunua sufuria, akatia chumvi bila kunitazama. "Radhi niliyomwomba mimi haikuwa yangu. Nenda kaombe ya kwako. Na mimi nilipiga magoti."

Nikaweka mita chini, nikaugeukia mlango wa Mektilda.